Picha Bila Jina la Mpigaji

Watunzi wa mwambao hawakuwa na ada ya kuuachia utungo utoke mikononi mwao bila alama. Mwana Kupona binti Msham, alipomwachia bintiye wosia mwaka 1858, hakuufunga utendi wake mpaka alipotia mwaka wa Hijria na idadi ya beti. Mwenye kunakili akipunguza au akizidisha, hesabu ingemsuta. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na tungo zake zikakaa vifuani mwa watu miongo mingi kabla Mwalimu Sikujua bin Abdallah hajazikusanya kwa ajili ya W. E. Taylor. Diwani yenyewe haikuchapwa ila mwaka 1940. Karne nzima ilipita, wala jina la Muyaka halikuanguka njiani. Hata gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipotoa shairi lilitoa na jina la mtunzi, aghalabu na mji wake.

Picha haikubahatika hivyo, ingawa ilifika Unguja mapema. James Grant aliupiga mji picha mwaka 1860, alipokuwa akijitayarisha kwenda bara pamoja na Speke. John Kirk, aliyefika mwaka 1866 na kukaa karibu miaka 20 katika utumishi wa serikali ya Uingereza, alipiga nyingi zaidi, na leo nyingi katika hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Hao walikuwa wasafiri na wakubwa wa serikali, waliopiga picha kwa shauku zao. Biashara ya picha mjini ilishikwa na Wagoa: A. C. Gomes, aliyekwisha kufanya kazi hiyo Aden, na ndugu wa ukoo wa Coutinho, ambao kwa muda katika miaka ya 1890 walishirikiana naye. Wakafuatiwa na wengine, kila mmoja na duka lake, mashine zake na wateja wake, kuanzia watu wa kasri hadi mabaharia wa meli za kigeni waliotaka kadi ya kupeleka kwao.

Wapigaji hao hawakuwa wanyonge wa jina. Picha ya siku zile ilibandikwa juu ya karatasi ngumu, na chini yake, au mgongoni, ikapigwa chapa: jina la duka na neno Zanzibar. Kadi za posta nazo zilikuwa na mstari mwembamba pembeni wenye jina la mwenye kuitoa. Waliokosa jina ni waliopigwa. Mwanamke aliyevaa kanga na kukaa mbele ya pazia la studio aliandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili, kana kwamba hakuzaliwa na mtu wala hakuitwa kitu. Dhuluma hiyo ya kwanza ni kongwe kuliko mtandao wowote, na yafaa ikumbukwe kabla ya kuwalilia wapigaji peke yao.

Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, ndiye anayepotezwa zaidi leo. Aliingia katika kasri la Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala toka mwaka 1911 hadi 1960, akapiga picha za sherehe na za wageni. Wakati huo huo alikuwa akipiga harusi, mitaa, majahazi na nyuso za watu wa kawaida waliotaka ukumbusho. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalipokuja na Wahindi wengi wakahama, yeye alibaki. Alifariki mwaka 1993, na duka likaendelea mkononi mwa mwanawe. Mtu akipokea leo katika simu yake picha ya Unguja ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye mwanga laini na watu wasioogopa mashine, huenda ni ya Oza. Lakini atakayoambiwa ni maneno mawili tu: Zanzibar zamani.

Jina lilipoteaje? Lilikatwa. Picha inapotiwa katika kompyuta, mtu hupunguza kando zake ili ipendeze, na jina limo kandoni. Mgongo haupigwi kabisa, na muhuri umo mgongoni. Kisha anayeipokea huipeleka kwa mwingine, na mara nyingine hutia juu yake jina la ukurasa wake kwa herufi kubwa. Mwizi wa mashairi angalau hulazimika kubadili beti ya mwisho. Huyu hana kazi hata hiyo.

Hasara si ya heshima peke yake. Jina la mpigaji ni ufunguo wa tarehe. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na mbele yake ukasimama mnara wa taa uliojitenga. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliubomoa mnara ule, na mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe. Kwa hiyo picha yenye mnara uliojitenga ni ya kabla ya vita vile. Lakini picha ya roshani moja, au ya nguzo tatu, haijisemei. Hapo pa kushika ni jina la aliyepiga na miaka ya duka lake. Tangu sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, picha kama hizo si pambo tena, ni ushahidi wa fundi.

Liko kosa zito zaidi. Mnamo Novemba 1868 manowari ya Kiingereza Daphne iliwatoa watumwa katika jahazi kwenye bahari hii, na picha zao wakiwa juu ya sitaha, watoto waliokondeana wakikaa wamekunja magoti, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Nahodha wa manowari hiyo, G. L. Sulivan, alitoa kitabu mwaka 1873 juu ya kuyafukuza majahazi. Picha hizo sasa huzunguka duniani zikiambiwa ni watumwa wanaovushwa Atlantiki kwenda Marekani. Watoto wa mwambao huu wamenyang'anywa bahari yao. Miaka ile wengi wa waliotolewa majahazini walipelekwa Shelisheli, Aden au Bombay; mjukuu wao akitafuta uso wa wazee wake hatautafuta chini ya maelezo ya Virginia.

Sheria ipo. Mkataba wa Berne uliporekebishwa Roma mwaka 1928 uliingiza haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata akiwa amekwisha kuuza haki za fedha. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 1994, na Zanzibar ikatunga Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 2003. Mahakama, hata hivyo, haiwezi kurudisha kando iliyokatwa. Wenye masanduku ya picha majumbani, Mji Mkongwe, Chake Chake na Lamu, bado wanazo zenye kando zote. Zipigwe pande mbili, uso na mgongo, na wazee waulizwe majina ya waliokaa mbele ya pazia, maana hayo hayakuandikwa popote.