Bomu Langu Liliangukia Wapi?

Nikiwa na miaka 19 niliunda bomu. Lilikuwa la kudondoshwa kutoka kwa ndege, uzito wa kilo 900, na mabawa yaliyojikunjua likishaachiliwa. Lingeweza kuteleza hewani kilomita 70 kabla ya kufika. Likifika, tumbo lake linafunguka na kumwaga vibomu 144. Nililiita Kipanga, kwa sababu utotoni kazi yangu kwa shosho ilikuwa kulinda vifaranga dhidi ya kipanga, na nilijua vile anavyokuja: kimya, kutoka juu, wakati umejisahau.

Kabla hujawapigia DCI simu, tulia. Kipanga halikuwahi kuwepo. Kuna michezo ya mtandaoni ambapo kila mchezaji anajibunia nchi yake: bendera, katiba, sarafu, jeshi. Unaojulikana zaidi ni NationStates, ulioanzishwa mwaka 2002 na Max Barry, mwandishi wa Australia aliyekuwa akitafuta njia ya kuitangaza riwaya yake. Kwenye ulimwengu huo watu huandika vita kama hadithi, na kwa kuwa hakuna anayetaka kupigwa kijinga, kila silaha huja na karatasi yake ya vipimo. Uzito. Urefu. Kasi. Umbali. Bei. Ukiweka uongo wa kizembe wenzako wanakucheka, kwa hivyo unasoma fizikia kweli kweli. Mimi nilisoma zaidi ya nilivyowahi kusoma darasani.

Ukweli usemwe, wakati huo nilikuwa nimeacha chuo. Mwaka wa pili karo ilinishinda, na nyumbani sikuwa nimemwambia mtu. Nchi yangu ya kubuni ilikuwa mahali pekee ambapo bajeti ilinitosha.

Jioni moja shosho, aliyekuwa amekuja Nairobi kwa ajili ya kliniki ya macho, alisimama nyuma yangu akitazama ule mchoro kwenye kompyuta. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huko chini kuna nani?"

Niliiangalia karatasi yangu. Ilikuwa na safu 23 za vipimo. Hakuna hata moja iliyojibu swali lake.

Nilianza kusoma historia kwa sababu ya swali hilo. Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mimi si wa kwanza kuunda bomu la karatasi. Kwa silaha za angani, karatasi ndiyo ilitangulia.

Fikiria hili. Mwaka 1899, mataifa yalipokutana The Hague, yalipitisha azimio la kukataza kudondosha makombora kutoka kwa baluni, kwa kipindi cha miaka mitano. Ndege ya akina Wright ilikuwa bado miaka minne kuruka. Mwaka 1908, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya ambamo meli za angani za Ujerumani zinaushambulia mji wa New York kwa mabomu. Watu wakasoma, wakashangaa, wakaweka kitabu kwenye rafu.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Novemba 1911, luteni Mwitaliano aitwaye Giulio Gavotti aliruka na ndege yake juu ya jangwa karibu na Tripoli, Libya. Alikuwa na vibomu vinne vidogo vya kushika mkononi. Alivirusha kwa mkono kwenye kambi za Ain Zara na Tagiura, huku akishikilia usukani kwa mkono wa pili. Hilo ndilo linahesabiwa kuwa shambulio la kwanza la bomu kutoka kwa ndege. Halikufanyika Ulaya, ambako ndege zilikuwa zikitengenezwa. Lilifanyika hapa Afrika, juu ya vichwa vya watu ambao pengine hawakuwa wamewahi kuona ndege.

Wells hakuishia hapo. Mwaka 1914 alitoa riwaya nyingine, The World Set Free, na humo akabuni kitu alichokiita bomu la atomiki. Nilipofika kwenye maelezo yake nilicheka, kwa sababu niliitambua ile tabia. Jamaa ameandika karatasi ya vipimo! Bomu lake ni tufe jeusi lenye upana wa futi mbili, lina vishikio, na limejaa madini ya kubuni yanayoitwa Carolinum. Anayelirusha kutoka kwa ndege huling'ata kwanza kwa meno ili hewa iingie, kisha analitupa nje. Na halilipuki mara moja likaisha. Linaendelea kulipuka, nguvu yake ikipungua kwa nusu kila baada ya siku 17. Angekuwa kwenye mchezo wetu tungempa heshima zake.

Mwaka 1932, huko Berlin, mwanafizikia kutoka Hungaria aitwaye Leo Szilard alikisoma kitabu hicho. Mwaka uliofuata, Hitler akiwa ameshika madaraka, Szilard, ambaye alikuwa Myahudi, alikimbilia London. Septemba 1933, akitembea mitaa ya huko, alipata wazo la namna chembe moja ya atomu ikipasuka inavyoweza kupasua nyingine, na hizo zikapasua nyingine, bila kikomo. Mwaka 1934 aliomba hataza ya wazo hilo. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesoma Wells na alijua hadithi inakoelekea, aliikabidhi kwa jeshi la wanamaji la Uingereza ili ifichwe.

Haikufichika. Mwaka 1939 Szilard mwenyewe aliandaa barua, Einstein akaitia sahihi, ikaenda kwa Rais Roosevelt wa Marekani kuonya kwamba Ujerumani inaweza kuwa ya kwanza. Julai 1945, Ujerumani ikiwa tayari imeshindwa, Szilard huyo huyo alizungusha ombi la wanasayansi kumsihi rais asilitumie bomu hilo dhidi ya Japani kabla ya kuipa nafasi ya kusalimu amri. Wenzake wapatao 70 walitia sahihi. Ombi halikubadilisha kitu. Tarehe 6 Agosti ilikuwa Hiroshima. Tarehe 9 ilikuwa Nagasaki.

Kutoka riwaya hadi Hiroshima ni miaka 31. Sisemi Wells ndiye aliyeua watu. Wells alikuwa anaonya, na fizikia ingefika tu, awepo asiwepo. Ninachosema ni kwamba jina, umbo na matumizi ya kile kitu vilikuwa vimeshakaa kwenye vichwa vya watu kabla ya mtu yeyote kujua namna ya kukitengeneza. Karatasi ilikuwa imefanya kazi yake.

Sasa usidhani kila bomu la karatasi hugeuka kuwa msiba mkubwa. Mengine hugeuka kuwa vichekesho. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwaka 1941, daktari wa meno Mmarekani, Lytle Adams, aliwaza: je, tukiwafunga popo vibomu vidogo vya moto, tukawapakia kwenye sanduku, tukawadondosha juu ya miji ya Japani alfajiri? Popo wataenda kujificha kwenye mapaa ya mbao, kisha moto uwake kila mahali. Akaiandikia Ikulu ya Marekani. Ikulu haikumcheka. Mradi ulipewa pesa, wanasayansi na popo wa kutosha. Mei 1943, wakati wa majaribio kule New Mexico, popo kadhaa wenye vibomu walitoroka wakaenda kujificha chini ya majengo ya uwanja wa ndege wa jeshi lenyewe, na majengo yakateketea. Mradi ukafutwa mwaka 1944. Hata hapo, aliyechora hakuwa amejiuliza vizuri huko chini kuna nani.

Lakini shosho hakuwa anauliza kuhusu Japani.

Mwaka 1953 alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, upande wa Nyeri, kwenye ukingo wa msitu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilifanywa eneo lililopigwa marufuku: Mwafrika akionekana ndani yake angeweza kupigwa risasi bila maswali. Na hapo ndipo ndege zilipoanza.

Za kwanza zilikuwa Harvard. Hii ilikuwa ndege ya kufundishia marubani. Kwetu ilifungwa bunduki ya rasharasha na vibomu vya ratili 20, yaani kama kilo tisa kila kimoja. Zilikuwa na kituo Mweiga, hapo karibu na Nyeri. Kisha Novemba 1953 zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizotengenezwa kwa ajili ya kubomoa miji ya Ulaya na Asia. Hizi zilibeba mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000. Zilipaa kutoka Eastleigh.

Ndiyo, Eastleigh hii hii. Pale unaponunua viatu na pazia, ukitazama ndege za kijeshi zikishuka nyuma ya maduka, ulikuwa uwanja wa jeshi la anga la Uingereza. Leo ni kambi ya Moi. Nimepita hapo na matatu mara ngapi sijui, na hakuna siku niliwahi kuwaza kwamba kuna bomu lililotoka hapo likaenda kuangukia mianzi ya Nyandarua.

Maana kwa sehemu kubwa ndiko yalikoangukia: mianzi, matope, mabonde. Msitu ni mnene, wapiganaji walikuwa vikundi vidogo vinavyohama, na kutoka juu rubani haoni mtu. Watu waliuawa na kujeruhiwa, ndiyo. Wanyama pia, na wale waliobaki walibadilika tabia. Lakini hata ndani ya jeshi lenyewe kulikuwa na mjadala kama mabomu yale makubwa yalistahili gharama yake. Ndege nyingine zilibeba vipaza sauti, zikizunguka juu ya msitu kuwaita wapiganaji wajisalimishe, na nyingine zikamwaga karatasi. Kulipokucha ungeweza kuokota karatasi ya kukuahidi uhai, na jioni likadondoka bomu kutoka anga ile ile.

Kumbukumbu ya shosho ni ndogo na haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Anakumbuka vibuyu vikitikisika ukutani. Anakumbuka mama yake akihesabu kwa sauti kati ya mngurumo mmoja na mwingine, ili watoto wawe na kitu cha kusikiliza. Anakumbuka tembo waliotoka msituni wakasimama kwenye shamba la viazi, hawali, wamesimama tu. Kisha, kuanzia katikati ya 1954, wakahamishiwa kwenye kijiji cha lazima pamoja na watu wengine zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati, na tangu hapo, anasema, ndege zikawa ndiyo shida ndogo.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9. Malipo hayo yalihusu mateso ya vizuizini, na ni haki yao. Mtu aliyeteswa ana kovu, ana tarehe, ana jina la kambi. Lakini aliyekuwa chini ya bomu kwenye msitu uliopigwa marufuku atathibitishaje? Uzito wa bomu tunaujua, aina ya ndege tunaijua. Kwa upande wa juu kuna rekodi. Upande wa chini, tuna kina shosho, na kina shosho wanaisha.

Baada ya kusoma haya nilirudi kwa Kipanga. Nilisimama kwenye vile vibomu 144. Kwenye mchezo nilikuwa nimeandika kwamba vyote hulipuka, kwa sababu ni mimi niliyeandika. Nikatafuta yaliyotokea kweli. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha zaidi ya vibomu vya aina hiyo milioni 270 nchini Laos, na inakadiriwa kwamba hadi asilimia 30 havikulipuka. Viko ardhini hadi leo. Vidogo, mviringo, kama mpira wa mtoto. Mkulima anapiga jembe. Mtoto anaokota.

Sikuacha kucheza. Ningekuwa nadanganya nikisema niliifuta nchi yangu nikaingia njia ya amani. Bado napenda ramani, bado napenda kubishana saa nane usiku kuhusu upana wa bawa. Kubuni si dhambi, na pengine Wells alituonya vizuri zaidi kuliko mwanasiasa yeyote wa wakati wake, kwa sababu yeye, baada ya kuandika vipimo, aliendelea akaandika mji ukiungua na watu wakikimbia.

Ila karatasi ya Kipanga sasa ina safu 24. Ya mwisho nimeiita "Huko chini", na kila vita inapoanza mpinzani wangu lazima anieleze ni kijiji gani, kina nini, ni msimu wa kupanda au wa kuvuna. Wachezaji wengi wanasema inaharibu mchezo. Wawili wameiga.

Nilimwonyesha shosho kwa simu alipokuwa amerudi Nyeri. Aliitazama picha, akasogeza kioo karibu na lile jicho lake zima, akasoma neno moja moja. Kisha akaniuliza kama nimekula, na kama chuo nitarudi lini.

Hilo la pili nalo bado halina safu.