Mama wa Tambarare ya Ruzizi

Historia ya Luvungi imezoea kusimuliwa kwa majeshi yaliyopita pale. Mji wenyewe uko mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira, na anayeitaka Uvira kutoka kaskazini kwa barabara hiyo hana budi kuupitia. Mimi naona heri tuifuate kwa umri wa mama mmoja aliyezaliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1930.

Alikuta Wabelgiji wakilazimisha kilimo cha pamba. Pamba hailiwi, kwa hiyo chakula cha nyumbani kilibaki mikononi mwa mama. Mjini Usumbura (Bujumbura ya leo), ng'ambo ya mto Ruzizi, wakoloni walifungua vituo vya kuwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi na kulea watoto. Binti wa Luvungi alifundishwa na mama yake, na somo kubwa lilikuwa muhogo mchungu. Unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke, unaanikwa juani, unatwangwa, unachekechwa. Ukiharakishwa, unadhuru watoto. Hapo bado sombe, yaani majani ya muhogo, ya kutwanga na kuchemsha muda mrefu, mawese, na ndagala (dagaa) za Ziwa Tanganyika siku pesa ikipatikana. Kazi hiyo ilimla nusu ya maisha, wala hakuna aliyemlipa.

Aprili 1964 uasi wa Simba, ambao wenyeji waliuita wa Mulele, ulilipuka katika tambarare, na Mei Uvira ikaanguka. Mobutu, mkuu wa jeshi na baadaye rais, alijijengea sifa kwa mapigano ya Kamanyola hata akaipa divisheni ya jeshi jina hilo. Waliokimbilia milimani na watoto mgongoni hawakupewa divisheni. Aliyembeba mwanawe mwaka 1964 alimbeba mjukuu Oktoba 1996, vita vilipoingia tena, kisha akavikimbia vya Agosti 1998. Tarehe 14 Mei 2000 raia wengi waliuawa Katogota, jirani kabisa.

Katikati ya hayo ilikuja Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987. Ilimwamuru mke amtii mume, na ilimtaka apate idhini yake kabla ya kufunga mkataba au kwenda mahakamani. Idhini hiyo iliondolewa Julai 2016, mama huyu akiwa amekaribia miaka 80. Linaniuma: mtu aliyevusha ukoo mzima katika vita, serikali ilimhesabu miaka karibu 30 kama asiyeweza kujiamulia.

Mama kama huyu akifa, matanga hugeuka mahali pa kupanga miaka. Mabinti na wakwe wanapika bugali kwa masufuria makubwa, wazee wanahesabu: huyu alizaliwa wakati wa Mulele, yule mwaka Mobutu alipofuta noti Krismasi ya 1979, mdogo wake kabla ya vita vya 1996. Wengine wao hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao walipewa na mama.