Baiskeli Arusha: Mavazi ya mitumba yatosha, mnyororo usipuuzwe

Na Mwandishi Wetu, Arusha

ANAYEANZA kuendesha baiskeli jijini Arusha huanza, mara nyingi, kwa kutazama mavazi. Huwaona waendeshaji wa mashindano wakikatiza barabara ya Moshi alfajiri katika jezi za kubana, za namna ile iliyoonekana Kigali Septemba 2025, Rwanda ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kwa mara ya kwanza barani Afrika. Hudhani kuwa bila sare hiyo hastahili kuingia barabarani. Fedha zake huishia dukani, huku mnyororo ukiliwa na vumbi.

Mji wa Arusha upo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye mita 4,566. Anayepanda kuelekea Ilboru hutoka jasho. Akigeuka kushuka, upepo humpiga kifuani. Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo, hivyo ni vazi baya kwa safari hiyo. Jezi ya kawaida ya mpira wa miguu, ya poliesta, hukauka upesi na inafaa kabisa. Juni na Julai, baridi inapozidi, koti jepesi la kuzuia upepo huongezwa. Lisipokuwapo, gazeti lililokunjwa na kuwekwa ndani ya jezi kabla ya mteremko hufanya kazi hiyo. Waendeshaji wa Ulaya wamelitumia kwa miaka mingi.

Mavazi hayo hupatikana katika mitumba ya Kilombero, Mbauda au soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Kaptura ya baiskeli yenye sponji ikaguliwe: kitambaa kikivutwa kisirudi, mpira wake umekufa, sponji ikibonyezwa ikabaki imebonyea, haina kazi tena. Kaptura hiyo huvaliwa bila chupi, kwa kuwa mishono ya chupi huchubua ngozi. Kwa sababu hiyo ifuliwe kabla ya kuvaliwa na kila baada ya safari. Anayeona haya anaweza kuvaa bukta pana juu yake. Mguu wa suruali wa upande wa mnyororo ufungwe kwa mpira.

Kofia ngumu ndiyo isiyofaa kununuliwa mtumba. Iliyowahi kugonga chini huweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana kwa macho. Pamoja nayo, kizibao cha kuakisi mwanga, kama wanavyovaa baadhi ya bodaboda, kina thamani kuliko jezi yoyote kwa anayepita kati ya daladala wakati wa magharibi.

Ama kuhusu usafi, vumbi la udongo wa volkano wa Meru ni laini mno. Likichanganyika na mafuta huwa kama msasa: husaga mnyororo, nao mnyororo uliolegea hula meno ya gia, na gharama huongezeka. Kosa lililozoeleka ni kupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni nzito, ina chembe za chuma, na hunasa vumbi zaidi.

Vifaa vinavyohitajika ni ndoo, sabuni, matambara, mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo. Baiskeli hupinduliwa, mnyororo husuguliwa kwa mswaki uliochovywa katika mafuta ya taa, mbali na moto, kisha hufutwa. Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro huishia katika mito kama Themi na Naura. Fremu na ringi huoshwa kwa maji ya sabuni. Mashine za sehemu za kuoshea magari ziepukwe. Kasi ya maji yake husukuma uchafu ndani ya beringi na kuondoa grisi.

Mnyororo ukishakauka, hutiwa tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, pedeli ikizungushwa taratibu. Baada ya dakika chache, mafuta ya nje hufutwa yote, maana yanayohitajika ni yale yaliyoingia ndani. Ringi na breki zisiguswe na mafuta hata kidogo.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kazi hiyo haipaswi kungoja mwisho wa wiki. Mnyororo uliolowa ufutwe na kutiwa mafuta jioni ileile. Mnyororo ukivutwa kwa vidole mbele ya gia kubwa ukainuka na kuacha meno wazi, umekwisha, na fundi aubadilishe kabla haujaharibu gia.