Haki ya Mwanamke Haikuja na Meli



Taja barazani habari ya kumwezesha mwanamke, utasikia kauli mbili. Mzee atasema hayo ni mambo ya Wazungu, tumeletewa na mashirika. Naye dada aliyetoka chuo kikuu atasema Uislamu ndio uliomfunga mwanamke na Ulaya ndiyo iliyomfungua. Ajabu ni kwamba hawa wawili wanaogombana wameamini jambo moja: ati haki ya mwanamke ilianzia kwa Wazungu. Hebu tutazame historia.

Tuanze na mali, maanake asiye na chake husemewa na mwenye nacho. Uingereza ya zamani, mwanamke akiolewa, pesa na vitu vyake viligeuka kuwa vya mume, na ardhi yake ikasimamiwa na mume. Hata mshahara wake haukuwa wake. Hiyo ilikuwa sheria, si mila tu. Mwaka 1870 Bunge lao likamruhusu kushika mshahara wake, na mwaka 1882 ndipo alipoweza kumiliki mali kwa jina lake kikamilifu. Ufaransa, mke alingoja mpaka 1965 kufanya kazi au kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Na sheria hiyo ya Kiingereza ya 1882 ndiyo tuliyoitumia hapa Kenya hadi 2013, Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa, ambayo inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya dini yake.

Kwetu sisi mfano hutolewa wa Bi Khadija (r.a.), aliyekuwa mfanyabiashara Makka na akamwajiri Mtume (s.a.w.) kupeleka bidhaa Sham. Mfano mzuri, lakini huo ulikuwa kabla ya utume, na tajiri huwa na njia zake zama zote. Hoja yenye nguvu ni Suratun Nisaa. Aya ya 4 inasema mahari apewe mwanamke mwenyewe, si babake wala kakake. Aya ya 7 inampa fungu katika urithi, mali iwe kidogo au nyingi. Hapo hakuulizwa kama ni tajiri, wala kama ameolewa.

"Lakini si hupewa nusu?" Binti hupata nusu ya fungu la kakake, ndio, na kaka ndiye anayebeba mahari na nafaka, fungu la dada ni lake peke yake. Ila si kila mwanamke hupata nusu. Maiti akiacha mtoto wa kiume, mamake na babake hupata sudusi kila mmoja, sawasawa. Ndugu wa mama mmoja pia hugawana sawa, mume kwa mke.

Elimu nayo ni hivyo hivyo. Ash-Shifa bint Abdullah alimfundisha Bi Hafsa (r.a.) kuandika, na ni kwa Bi Hafsa ambapo zile kurasa za Qur'ani zilihifadhiwa mpaka Sayyidna Uthman alipoziazima kunakili misahafu. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayofuata pwani hii, inasimuliwa kuwa alikuwa akienda kwa Sayyida Nafisa huko Misri kusikiliza hadithi.

Na hapa kwetu? Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Wengi wanaukumbuka kwa mambo ya kumtii mume tu. Wanasahau kuwa huyo ni mwanamke wa karne ya 19 aliyeandika kwa herufi za Kiarabu, wakati shule ya serikali haijafika Lamu. Na huko Lamu, ilikuwa ada binti wa familia yenye nyumba ya mawe apewe nyumba anapoolewa. Mume ndiye aliyehamia kwake!

Basi tatizo liko wapi? Liko nyumbani. Mzee amefariki, arubaini imesomwa, nyumba imekaliwa na kaka na kodi anakusanya yeye. Dada akiuliza anajibiwa, "Wewe una mumeo, wataka nini tena?" Au anapewa karatasi atie sahihi "kwa ajili ya amani ya familia". Huyo kaka utamkuta safu ya mbele tarawehe. Aya za 11 na 12 zinasema mafungu hutolewa baada ya wasia na deni, hazikusema baada ya kaka kuwa tayari. Na aya ya 14, papo hapo baada ya mafungu, inamuonya kwa moto anayevuka mipaka hiyo.

Dada aliye katika hali hii ana mahali pa kwenda. Katiba ya 2010, ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya ndoa, talaka na urithi, pande zote zikiwa ni Waislamu na zikikubali kuhukumiwa hapo. Kaka akikataa kwenda kwa kadhi, Mahakama Kuu iko, na marehemu akiwa Muislamu mirathi yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu huko pia.