Baraza la Wazi na Kura ya Siri



Wengi wetu tukisikia neno uchaguzi hukumbuka sanduku na karatasi, tukadhani kushauriana ni jambo lililoletwa na wageni. Hebu twende bara, mkoani Mara, katika nchi ya Tarime na Serengeti.

Wakuria wa Tarime hawakuwa na mfalme. Mambo ya ukoo yalizungumzwa katika iritongo, yaani baraza la hadhara, na mwenye neno alisimama akalisema mbele ya wenziwe. Wazee wa inchama walikuwa na mashauri yao ya faragha. Huko Serengeti, Waikoma na Wangoreme nao waliongozwa na wazee na marika. Uwazi ule haukumtisha msemaji, maana hapakuwa na bwana mmoja mwenye askari na jela. Ila tuseme kweli: lilikuwa baraza la wanaume.

Kisha wakaja Wajerumani, na baada yao Waingereza, wakaweka watawala mahali pasipokuwa na mtawala. Aliyewekwa na mkubwa humtazama mkubwa wake, si walio chini yake. Mamlaka hayo ya machifu yalifutwa Tanganyika mwaka 1963.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa siri, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkulima asiye na cheti wala mshahara alibaki nje, hata kama ukoo mzima ulimtegemea kwa hekima yake.

Mwaka 1965, katika chama kimoja, takriban kila jimbo lilipewa wagombea wawili, huyu kwa alama ya jembe, yule kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Chama kingine hakikuruhusiwa. Hata hivyo siri ya kura ilifanya kazi yake: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa kwao Mwanza.

Sasa vuka mpaka uingie Kenya, ambako Wakuria wako pia. Mwaka 1988 wanachama wa KANU walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, mbele ya macho ya wakubwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita, pasi na kura ya siri.

Uwazi ni ule ule wa iritongo; mbona matunda yakawa mbalimbali? Kwa sababu barazani mtu alisimama mbele ya wenziwe, na katika mlolongo alisimama mbele ya mwenye uwezo wa kumtaabisha.

Basi, ndugu msomaji, mkichagua viongozi, iwe wa nchi, wa ushirika au wa kamati ya msikiti, msiulize tu njia ipi ni ya kale au ya kisasa. Ulizeni: je, mnyonge aweza kusema hapana, kisha akarudi nyumbani akalala kwa amani? Kama hawezi, kura yake imekwisha kuchukuliwa kabla hajaipiga.