Nyuzi Nane za Obokano

Ewe msomaji kijana, pengine wadhani kwamba historia hukaa vitabuni tu. Twende Kisii na Nyamira, uisikilize ikikaa katika nyuzi.

Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii. Tumbo lake ni mti uliochongwa kama bakuli na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Hapo hutoka mikono miwili ya mti, iliyounganishwa juu kwa mti uliokingama. Nyuzi zake ni nane. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi hutumika hata nailoni. Sauti yake ni nzito, yenye mvumo.

Umbo hilo ni la kale. Vinubi vya namna yake vilichimbuliwa Uru, nchini Iraki, navyo vina umri wa miaka ipatayo 4,500. Waamhara wa Ethiopia wana begena yenye nyuzi kumi, na Wajaluo, jirani za Abagusii, wana nyatiti yenye nane.

Walakini uzi hulegea. Kwa hiyo kabla ya kuimba, mpigaji hukaza uzi huu na kulegeza ule, mpaka zote nane zipatane na koo lake. Wazee hawakukiandika kipimo hicho. Mwanafunzi alikipokea kwa sikio, ameketi karibu na mwalimu wake.

Basi, obokano iliyotundikwa ukutani imehifadhi mti na ngozi tu. Mzee akifa bila mwanafunzi, mapatano ya nyuzi hufa pamoja naye. Je, kwenu yuko mzee apigaye? Nenda ukaketi karibu naye, maadamu angali akikaza nyuzi zake.