Kuku na brokoli: Mlo wa wahamiaji uliogeuka chakula cha kila siku

Katika nyumba nyingi nchini Marekani, na pia katika nyumba za Waafrika Mashariki waliohamia huko na Uingereza, kuku na brokoli kimekuwa chakula cha jioni cha siku za kazi. Huiva kwa muda usiozidi saa moja, na mahitaji yake hupatikana katika duka lolote kubwa.

Hata hivyo, ni mlo unaozua mabishano. Watoto husukuma brokoli pembeni mwa sahani, wazee hulalamika kwamba kuku wa ng'ambo hana ladha, na mamlaka za afya za nchi hizo zinapinga jambo ambalo mama wengi wa Kiafrika hawawezi kuliacha: kumwosha kuku kabla ya kumpika.

Mengi ya mabishano hayo yanatokana na muda. Kuku wa kisasa na brokoli ni vyakula vinavyoiva upesi, na mpishi aliyezoea kuku wa kienyeji na mchicha wa kuchemshwa huvikalisha motoni kupita kiasi.

Ndugu wa sukuma wiki

Kwa wataalamu wa mimea, brokoli, kabichi, koliflawa na sukuma wiki ni mmea mmoja, wenye jina la kisayansi Brassica oleracea. Tofauti zake zimeletwa na wakulima ambao kwa karne nyingi walichagua sehemu waliyoitaka. Katika sukuma wiki walitaka majani yaliyo wazi, katika kabichi majani yaliyojikunja, na katika brokoli vishada vya maua ambavyo huvunwa kabla ya kuchanua. Brokoli ikiachwa shambani hutoa maua ya manjano, na hapo huwa imekwisha kupoteza utamu wake.

Jina lenyewe ni la Kiitaliano, lenye maana ya chipukizi la kabichi. Italia ndiko zao hili lilikoendelezwa, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wengi hawakulijua, ingawa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa nchi hiyo, alilipanda katika bustani yake huko Virginia tangu karne ya 18.

Masanduku machache kwenda Boston

Walioieneza brokoli Marekani ni wahamiaji. Katika miaka ya 1920, ndugu wawili kutoka Sicily, Stefano na Andrea D'Arrigo, walifanya majaribio ya kuipanda huko San Jose, California, kisha wakasafirisha masanduku machache hadi Boston, upande wa pili wa nchi, katika mtaa wa North End uliokuwa na Waitaliano wengi.

Wateja wa kwanza walikuwa watu waliokwisha kuifahamu kutoka kwao. Baadaye matangazo ya redio yaliwafikia wengine, na biashara ikakua. Hadi leo sehemu kubwa ya brokoli ya Marekani hulimwa California, na mikahawa ya Boston na vitongoji vyake bado inajulikana kwa sahani ya makaroni, kuku na brokoli iliyotiwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni.

Karai la Wachina

Wahamiaji wengine walioacha alama katika mlo huu ni Wachina. Wale wa mwanzo walitoka zaidi jimbo la Guangdong, ambako kuna mboga ya kijani yenye mashina manene iitwayo kwa Kikantoni gai lan. Nayo pia ni jamaa wa karibu sana wa brokoli. Katika nchi ambako gai lan haikupatikana kwa urahisi, wapishi waliikata brokoli ya Waitaliano na kuitumbukiza karaini badala yake.

Mwaka 1943 Marekani ilifuta sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia Wachina kuingia nchini humo, na mwaka 1965 ikalegeza zaidi masharti ya uhamiaji. Mikahawa ya Kichina iliongezeka, na kuku kwa brokoli, au nyama ya ng'ombe kwa brokoli, ikawa miongoni mwa sahani zinazoagizwa sana. Mgeni anayedhani anakula chakula cha Beijing kwa kweli anakula chakula kilichozaliwa Marekani.

Mbinu ya wapishi hao inafaa kuigwa. Kidari hukatwa vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi za nyama, kisha huchanganywa na mchuzi wa soya na kijiko cha konflawa. Konflawa hiyo hufanya ganda jepesi linalozuia maji ya nyama yasitoke, na ndiyo sababu kuku wa mkahawani huwa laini ilhali wa nyumbani, aliyekatwa vipande vikubwa, hukauka kama kamba.

Supu ya kopo na bizari

Namna ya tatu ni ile ya bakuli la kuokwa katika oveni. Asili yake inatajwa kuwa ni mkahawa ulioitwa Divan Parisien mjini New York, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ambako kuku na brokoli viliandaliwa kwa mchuzi mzito wa maziwa na jibini.

Akina mama wa Marekani waliufupisha mpishi huo kwa kutumia supu nzito ya kopo, hasa ile ya uyoga ambayo kampuni ya Campbell iliingiza sokoni mwaka 1934. Katika mapishi mengi ya nyumbani huongezwa kijiko kidogo cha bizari, jambo linalomshangaza Mzanzibari anapolisoma kwa mara ya kwanza katika kitabu cha mapishi cha Kimarekani. Supu hizo zina chumvi nyingi, na anayezitumia hana haja ya kuongeza nyingine.

Mlo kama huo usingewezekana kila wiki kama kuku asingekuwa rahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20, kuku huko Marekani alikuwa kama alivyo bado katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, yaani chakula cha wageni na siku maalumu. Mwaka 1923 mkulima wa jimbo la Delaware, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 vya kutaga akaletewa 500 kwa makosa. Aliamua kuwafuga na kuwauza kwa ajili ya nyama, akapata faida, na majirani wakamfuata. Ufugaji wa kuku wa nyama kwa wingi unahesabiwa kuanzia hapo.

Rais aliyeikataa

Brokoli imewahi kuingia hata katika siasa. Mwezi Machi mwaka 1990, Rais George H. W. Bush alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba hakuipenda tangu utotoni, mama yake alipomlazimisha kuila, na kwamba akiwa sasa rais hataila tena. Wakulima walijibu kwa kupeleka shehena ya tani kadhaa mjini Washington, na sehemu kubwa ikagawiwa maskini.

Wengi walicheka, lakini chuki hiyo ina maelezo ya kisayansi. Mboga za jamii ya kabichi zina kemikali chungu, na watu hutofautiana kwa maumbile katika kuuonja uchungu huo. Watoto huuhisi zaidi. Kisha kuna kosa la mpishi: brokoli inapochemshwa muda mrefu, kemikali zenye salfa huvunjika na kutoa harufu inayofanana na yai bovu. Rangi nayo hugeuka kutoka kijani cha kung'aa na kuwa ya jani lililofifia.

Kwa hiyo dakika tatu hadi tano katika mvuke zinatosha. Ikichemshwa, maji yawe yanatokota kabla ya kuitia na sufuria isifunikwe. Ndimu na siki hutiwa mezani, kwani uchachu huiharibu rangi ya kijani ikiwa motoni. Shina halitupwi. Likimenywa ganda lake gumu na kukatwa vipande vidogo huwa tamu kuliko kichwa, na watoto wengi hulikubali kwanza.

Kumlazimisha mtoto, kama kisa cha rais kinavyoonyesha, hakusaidii. Wataalamu wa lishe ya watoto wanashauri aonjeshwe kidogo kidogo bila ugomvi, na wanasema huenda zikahitajika mara kumi au zaidi kabla hajaizoea.

Kuosha au kutoosha?

Hapa ndipo desturi na ushauri wa kitaalamu vinapogongana. Katika nyumba nyingi za Kiswahili, kuku asiyeoshwa kwa maji na ndimu, chumvi au siki ni kuku mchafu, na mpishi anayempika hivyo huonekana hana adabu ya jiko. Huko nyumbani, ambako kuku huchinjwa na kunyonyolewa uani, kumwosha ni lazima.

Kuku wa dukani Uingereza au Marekani amekwisha kusafishwa kiwandani. Kinachobaki juu yake ni bakteria wasioonekana, na hao hawaondolewi kwa maji wala kuuawa kwa ndimu. Wakala wa Viwango vya Chakula nchini Uingereza uliendesha kampeni mwaka 2014 ukiwataka watu waache kumwosha kuku mbichi, kwa sababu matone yanayoruka husambaza bakteria aina ya campylobacter, ambao ndio chanzo kikubwa cha maradhi ya tumbo yatokanayo na bakteria wa chakula nchini humo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Wizara ya Kilimo ya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 60 ya waliomwosha kuku walibaki na bakteria katika sinki, na asilimia 26 waliwahamishia katika saladi. Lakini utafiti huo huo uligundua pia kwamba miongoni mwa wale ambao hawakumwosha, asilimia 31 walichafua saladi yao vilevile. Mikono isiyooshwa vizuri kwa sabuni ndiyo iliyolaumiwa.

Kwa mlo huu somo ni jepesi: brokoli ioshwe, ikatwe na kuwekwa kando kwanza, na kuku ashikwe mwisho. Anayetaka harufu ya ndimu anaweza kumtia kuku ndimu, tangawizi na chumvi ndani ya bakuli na kumwacha humo, bila maji ya bomba. Unyevu na utelezi hufutwa kwa karatasi ya jikoni ambayo hutupwa papo hapo. Atakayeng'ang'ania kuosha atumie maji yanayotiririka polepole, kisha alisugue sinki zima kwa maji ya moto na sabuni na kulipitishia dawa ya kuua bakteria.

Kinachoua bakteria ni moto. Marekani inaelekeza nyama ya kuku ifikie nyuzi joto 74 za Selsiasi katikati ya pande lake, na Uingereza nyuzi 70 kwa dakika mbili. Kipimajoto cha nyama ni bei nafuu, na humwondolea mpishi hofu inayomfanya achemshe kuku wa wiki sita kana kwamba ni jogoo wa miaka mitatu.

Kwa tui la nazi

Kwa familia ya watu wanne, nusu kilo ya mapaja yasiyo na mfupa na kiasi kama hicho cha brokoli vinatosha. Mapaja yanafaa kuliko kidari kwa mpishi asiye na uzoefu, kwani hayakauki haraka.

Kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi hukaangwa, ikafuatia bizari na nyanya moja. Kuku aliyekatwa vipande vya ukubwa wa kutafuna hutiwa pamoja na tui jepesi na kuachwa atokote kwa dakika 12 hadi 15. Brokoli hupikwa kando kwa mvuke, nayo hutiwa ndani ya sufuria wakati ule ule wa tui zito, mwishoni kabisa, na moto huzimwa baada ya kutokota mara moja. Wanaotumia tui la kopo hulichanganya nusu yake na maji ili kupata lile jepesi.

Huliwa kwa wali au chapati. Ugali pia unafaa, ingawa mchuzi huo hauna budi uwe mzito kidogo.

Brokoli ya barafu haina ubaya kwa mpishi huu na mara nyingi ni rahisi zaidi. Imekwisha kupitishwa kwenye maji ya moto kiwandani, hivyo haihitaji mvuke. Hutiwa moja kwa moja katika mchuzi dakika tatu kabla ya kuzima moto.

Kwa upande wa lishe, gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 90 za vitamini C, kiasi kinachotosha mtu mzima kwa siku, ingawa sehemu ya vitamini hiyo hupotea katika maji ya kuchemshia. Madai kwamba inatibu saratani hayajathibitishwa. Ni kweli kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza mwaka 1992 kuhusu kemikali ya brokoli iitwayo sulforafani inayoamsha kinga ya seli, na uchunguzi umeendelea tangu hapo, lakini hakuna daktari anayeiandika kama dawa. Wanaotumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu isigande wanapaswa kuwa waangalifu, kwa kuwa brokoli ina vitamini K nyingi. Hawakatazwi kuila, ila wasibadilishe ghafla kiasi walichozoea bila kumwarifu daktari.

Kiporo cha mlo huu kiingizwe katika jokofu mapema, wali ndani ya saa moja na kuku ndani ya saa mbili. Uingereza inashauri kilicho na kuku kiliwe ndani ya siku mbili, Marekani ndani ya siku tatu hadi nne, na kipashwe moto mara moja tu hadi kitoe mvuke katikati. Brokoli ya kiporo hulainika ikipashwa, kwa hiyo wapishi wengine hutoa sehemu ya kesho kabla ya kuichanganya na mchuzi na kuiongeza ikiwa mbichi kidogo siku ya pili.